Fundo la Kiunoni

Manasseh aligonga jiwe kwa mgongo wa panga, akatega sikio. Likalia kama mtungi mtupu. Akagonga la pili, nalo vilevile. La pembeni likatoa mlio mkavu, na hapo akapumua. Ndivyo alivyofundishwa kule Loitokitok, serikali ilipowapeleka makarani vijana kujifunza mambo ya milima: jiwe lililoshika lina sauti yake, na lililolegea lina yake. Lakini kule kulikuwa na mwalimu na kamba mpya. Hapa kijijini Gesima, Manasseh alikuwa na kamba ya kufungia mizigo ya lori, aliyoiazima kwa mchuuzi mmoja wa Mosocho, na jabali ambalo watu waliliita Amagena, yaani mawe, kwa kuwa halikuwa na sifa nyingine. Lilisimama wima nyuma ya migomba ya baba mkwe wake, likipukutika kama ukuta wa udongo ulionyeshewa.

Huko juu, kwenye ukingo mwembamba ulioota nyasi, palionekana shati jeupe. Alikuwa Thadeus, mdogo wake Marion, mke wa Manasseh. Alipanda jana kufuata asali, jiwe likabanduka chini ya mguu wake. Walimwita hadi sauti zikawakauka. Kulipokucha, kunguru waliwaonyesha kwamba hapakuwa na haja ya kuita tena.

Wanaume wa kijiji walikuja, wakalitazama jabali, kisha wakatazama miguu yao. Onyancha, baba wa marehemu, hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba mwanawe atalala nyumbani kabla mvua ya alasiri haijayalainisha mawe, na kwamba yeye mwenyewe, aliyerina asali huko enzi za ujana wake, ndiye atakayemshika wa kwanza. Manasseh alijaribu, kwa maneno ya kuzungukazunguka, kumshauri mzee abaki chini. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akavua viatu, akaviweka kando.

Mpango ulikuwa mwepesi kuusema. Manasseh angetangulia hadi kwenye mti uliojishikiza katika ufa, aizungushe kamba shinani, kisha mzee afuate akiwa amefungwa upande wa pili. Mzee akiteleza, kamba ingemdaka. Ingemdaka, ikiwa fundo lingekubali.

Na fundo ndilo lililomtia Manasseh hofu. Mzee alikuwa amejifunga mwenyewe kiunoni, haraka haraka, kwa mikono iliyozoea, kisha akavaa koti juu yake. Lakini Manasseh alikuwa ameshaona. Lilikuwa fundo la kufungia ng'ombe, lile ambalo ukivuta mkia wake linafunguka lote mara moja, ili mnyama akichachamaa umwachie kwa mkono mmoja. Mkia wenyewe ulikuwa ukining'inia chini ya koti. Mzizi mmoja ungetosha kuunasa. Hata ncha ya jiwe.

Sheria ya Loitokitok ilikuwa kwamba hapandi mtu kabla mwenzake hajalikagua fundo lake kwa mkono; jicho halikutosha. Mwenzake wa kule alikuwa kijana wa rika lake, mtu wa kusukumana na kutaniana. Huyu alikuwa baba wa mkewe. Kati yao palikuwa na chinsoni, ile haya ambayo Wagusii hunyonya na maziwa, inayomkataza mkwe kuugusa mwili wa mkwewe au hata kuutaja mbele yake. Tangu amwoe Marion, Manasseh hakuwahi kukaa na mzee benchi moja. Sasa amwambie nini? Fungua koti, Tata, baba yangu, nikushike kiuno? Watu wangeinuka wakaondoka na kumwacha marehemu na kunguru wake. Marion naye hakuweza. Binti hamshiki baba yake kiunoni.

Alimwendea Mogaka, jirani wa rika la mzee, akamnong'onezea. Mogaka alichungulia chini ya koti la rafiki yake bila kuona haya, akarudi akitabasamu.

"Fundo hilo lilimzuia fahali wa mzungu kule Nyansiongo," alisema. "Litashindwa na Onyancha, mifupa mitupu?"

Manasseh alimweleza kwamba fahali huvuta kwa shingo tu, haning'inii hewani. Mogaka akamwambia kwamba mzee amefunga ng'ombe tangu kabla yeye hajazaliwa, na kwamba siku kama ya leo si siku ya kumfundisha mtu mzima kufunga kamba. Akaenda kusimama na wengine. Upande wa ziwa, mawingu yalikuwa yameanza kupandana.

Mlangoni pa jiko alikaa Bathsheba, mama mkwe, pale pale alipokuwa tangu alfajiri. Manasseh alimtazama, akayaondoa macho upesi, maana huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Hakuwahi kumsemesha bila Marion kuwa kati yao. Lakini katika ua ule wote, mwili wa Onyancha haukuwa mwiko kwa mkewe.

Akamwita Marion, akamweleza. Kisha akausogelea mgomba uliokuwa mbele ya jiko, akauzungushia ncha yake ya kamba, akafunga fundo lile la mlimani polepole: kitanzi, ncha ipite chini, izunguke nyuma, irudi kitanzini. Akalifungua, akafunga tena. Marion alisimama kati yao kama pazia, akimweleza mama yake kila hatua. Manasseh alipoanza kufunga mara nyingine, Bathsheba aliinuka.

Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, akamvua koti mbele ya watu. Mtu mmoja akakohoa.

"Inua mikono, Baba Marion."

"Watu wanaangalia," Onyancha alisema chini kwa chini.

"Waangalie. Jana mwanetu alipopanda, hakuna aliyemwangalia."

Mzee akainua mikono. Fundo la ng'ombe likafunguka kwa mvuto mmoja mdogo, na wote wakaliona lilivyoanguka. Mogaka akaangalia pembeni. Bathsheba alifunga lake, lakini ncha ilipita upande usio wake. Manasseh akamnong'oneza Marion, Marion akamwambia mama. Akafungua, akaanza upya, midomo ikimcheza kama anayehesabu mishono. Safari hii likakaa sawasawa. Akauweka mguu kwenye jiwe, akaikamata kamba kwa mikono yote miwili na kujitupa nyuma kwa uzito wake wote. Mzee aliyumba nusura aanguke. Fundo halikusogea.

"Sasa mpandishe mwenyewe basi," Mogaka alisema, na wachache wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Manasseh akaichukua ncha yake ya kamba, akapanda. Hakuvuta jiwe lolote; kila moja alilikandamiza chini, kama alivyofundishwa, na yaliyobanduka aliyasikia yakigonga na kugonga tena huko chini, akajizuia kuyafuata kwa macho. Jasho lilimwingia machoni. Alipoufikia mti aliukumbatia kwanza, ndipo akaizungusha kamba na kuanza kuivuta. Ikaja kidogo, ikakwama.

Akatazama chini. Bathsheba alikuwa ameishika, karibu kabisa na kiuno cha mumewe, kwa mikono yote miwili. Marion alikuwa amejifunika uso kwa leso. Hapakuwa na wa kupeleka neno.

"Mama," Manasseh aliita. "Niachie. Nimemshika."

Mwanamke yule akainua uso, akamtazama mkwewe machoni, jambo lisilofanywa. Kisha vidole vyake vikafunguka, kimoja kimoja.

Onyancha alipanda vizuri mwanzoni, kama mtu anayeukumbuka mlango wa nyumba ya zamani. Karibu na ufa, jiwe likamkatikia chini ya mguu. Kamba ikalia kwenye shina na kumchuna Manasseh viganja, na uzito mzima wa mtu ukamning'inia mikononi. Vumbi likapanda.

"Umeshika?" sauti ya mzee ikatoka ndani ya vumbi.

"Nimeshika, Tata."

"Basi shika hivyohivyo."

Kamba ikayumba, ikakaza, halafu ikalegea kidogo. Mzee alikuwa amepata pa kukanyaga.