Mpira Uliobaki Juu

Lori lilikuwa limeshapita Ulaya, kile kijiji cha njia ya Mikumi na si ng'ambo, Domina alipokumbuka kwamba hajafunga mlango. Alikuwa amekaa na baba yake, Lupakisyo, juu ya magunia ya mpunga, raketi imelala magotini.

"Acha," baba yake akasema. "Ukishindwa Jumamosi hata mlango hautakuwepo."

Raketi yenyewe waliitupa Wazungu wa mkonge walipoondoka. Nyuzi zilikuwa zimeoza, na Lupakisyo, ambaye alizeekea kwenye korona, mashine ya kukamua mkonge, alisokota nyingine kwa katani.

Mwaka ule serikali ilikuwa inauza mashamba. Shamba lao, nje kidogo ya Kilosa, lilipata mnunuzi ambaye hakuna aliyemwona. Aliyeonekana ni meneja wake, Bwana Ditram, mtu wa suruali iliyonyooka, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba watu wa kambi wahame. Babu zao waliletwa na treni kukata mkonge, wengine kutoka kusini, wengine magharibi, na kwao palikuwa hapo kambini. Wazee wakaenda kumwomba. Wakamkuta kwenye kiwanja cha tenisi cha zamani, anapiga mpira ukutani peke yake.

"Nasikia mna binti anacheza," akasema, bila kuacha kupiga. "Akinishinda Jumamosi, kambi inabaki. Akishindwa, mnahama bila maneno."

Wazee wakasema sawa.

Domina alijifunza tenisi kwenye kitabu cha katuni cha Kijapani. Kiliachwa Kilangali, kwenye shamba la mbegu, na mke wa mtaalamu mmoja Mjapani, siku walipofunga mizigo kurudi kwao, na Domina alikuwa kibarua pale. Maandishi hakuyajua, lakini picha zilijieleza: msichana wa macho makubwa kama visosi, shule, mvua, mpira. Alikisoma alivyofundishwa shuleni, kuanzia kushoto. Ukurasa wake wa kwanza, mpira ulikuwa tayari uko angani. Ukurasa wa mwisho, msichana alikuwa anaonyeshwa jinsi ya kushika raketi. Katikati, kila mechi ilianza kwa kupeana mikono. Kwa hiyo Domina alijua mengi, ila hakuwahi kuona mpira wa juu unavyoshuka, na ndiyo maana walipanda lori kwenda Mikumi, kwa mtu mwenye kanda za hadithi ileile.

Mtu huyo aliitwa Mwinshehe. Kibanda chake cha video kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, na nyani walikaa mlangoni kama wateja wengine. Kijapani hakukijua hata neno, lakini alisimama pembeni ya televisheni akatafsiri kila kitu, sauti za wasichana, za makocha, za mama wagonjwa, zote kwa sauti yake moja nzito. Madereva walilia.

"Shikamoo mzee Mwinshehe," Domina akasema.

"Marahaba mwanangu. Na wewe mtani wangu, mtu wa ndizi, umemleta mtoto kuangalia sinema badala ya kumwozesha?"

"Nimekuja kuangalia kama bado unadanganya watu," Lupakisyo akajibu.

Mwinshehe akacheka, akachukua kile kitabu. Akakigeuza. "Aliyekufundisha kukishika hivi nani? Hiki kinafunguliwa kama juzuu, kutoka kulia. Ulikwenda chuo cha Kurani wewe? Hukwenda. Basi umeanza mwishoni, ukamalizia mwanzoni."

Domina akahesabu siku kwa vidole. Mechi ilikuwa keshokutwa.

Wakawekewa kanda. Ile ya kuchora ndiyo ilikuwa nzuri. Msichana aliupiga mpira ukapanda, ukakaa juu, na wakati umekaa juu yeye aliwaza, na mpinzani wake naye aliwaza, na mawazo yao yote yalisikika. Mpira ulikuwa bado uko juu kanda ilipokwisha.

"Nyingine iko wapi?"

"Haijafika. Aliyenileteaga amehamia njia ya Tunduma."

Palikuwa na kanda ya pili, hadithi ileile imechezwa na watu kabisa. Humo mpira ulipanda ukaanguka palepale, kama mpira wowote, kabla hujaona umeangukaje. Wateja wakazomea. Mwinshehe akazima jenereta.

"Huyu wa kuchora ndiye anayejua kucheza," Lupakisyo akasema, wakatoka kutafuta lori la kurudi.

Jumamosi kambi nzima ilikuja kiwanjani. Wengine walikuwa wameshafunga magodoro, wakayakalia. Domina akaenda moja kwa moja hadi kwenye wavu, akanyoosha mkono.

"Shikamoo. Asante kwa mchezo."

"Marahaba," Ditram akasema. "Hatujaanza."

Wakaanza. Ditram alikuwa na nguvu na viatu. Domina alicheza pekupeku, na kila alichojifunza kinyumenyume kilimfaa, kwa sababu Ditram hakuweza kujua mpira wake unaanzia wapi. Aliongoza, akapitwa, akaongoza tena. Filomena, mama wa maandazi, alitafuna ncha ya kanga yake mpaka ikatoboka. Jua lilipokaribia milima ya Rubeho ikawa imebaki pointi moja, na ilikuwa ya Domina. Akipata hiyo, ameshinda.

Akaupiga ukapanda. Ukafika juu ya wavu, usawa wa nguzo ya simu au zaidi kidogo, ukakaa.

Ditram alisubiri raketi ikiwa juu. Mkono ulipochoka akaushusha, akaagiza kiti. Watu nao walisogeza magodoro. Kisha mawazo yakaanza kusikika, kwa sauti ya Mwinshehe, ingawa Mwinshehe mwenyewe alikuwa Mikumi anatia mafuta kwenye jenereta.

Kwanza yalisikika ya Domina. Aliwaza kaburi la mama yake Editha nyuma ya kambi, lile lenye msalaba wa chuma cha reli. Aliwaza mlango ambao hakuufunga. Halafu yakaja ya Ditram.

"Katapila limeshatoka Morogoro," sauti ikasema, nzito, taratibu. "Nyumba ziliuzwa pamoja na shamba, kabla sijamwahidi mtu. Niliwapa mchezo ili wiki ipite wasianze kuzunguka maofisini. Njaa inauma. Kwa nini mpira hauanguki?"

Watu wakamgeukia Ditram.

"Sauti ya Mwinshehe hiyo," Filomena akasema. "Lakini maneno si yake."

Lupakisyo akasimama, akavua kofia. "Bwana meneja, umewaza nini hapo?"

"Si mmesikia."

"Tumesikia."

"Basi."

"Uliahidi lakini."

"Niliahidi akinishinda. Amenishinda? Mpira huo hapo juu. Ukianguka upande wangu nikaukosa, njooni tuongee."

Watu wakamwangalia Domina. Jasho lilikuwa linamtiririka. Kila mtu alielewa kwamba mpira ungekaa pale mpaka amalize kuwaza, na kwamba katapila liko njiani.

"Mwanangu," Lupakisyo akamwambia kwa upole, "waza mambo mafupi."

Alijaribu. Aliwaza jiwe. Likafuata kaburi. Aliwaza maji, likafuata bomba la kambi na foleni yake na kina mama wote waliowahi kusimama hapo, mmoja mmoja na ndoo zake. Alijaribu kutowaza kabisa, na kiwanja kizima kikamsikia anavyojaribu. Mpira haukutikisika. Filomena alimlisha andazi mdomoni, kama bibi harusi, ili asiachie raketi.

Jumapili alikuja ofisa mmoja wa wilaya. Alisimama chini ya mpira, akasikiliza mawazo ya Ditram yakirudia tangu mwanzo, akatikisa kichwa.

"Wazo si ushahidi," akasema. "Na mchezo haujaisha. Niiteni ukiisha."

Akanywa soda, akaondoka.

Katapila lilifika Jumatatu asubuhi. Dereva, kijana aitwaye Lukasi, alisalimia wazee wote, shikamoo baada ya shikamoo, wakamwitikia marahaba, halafu akaomba watu wasogee. Alianzia chumba cha Filomena. Ukuta wa kwanza uliingia ndani, bati likakunjamana. Watu walitoa vitanda, kuku, redio, picha za harusi. Ditram alibaki kwenye kiti chake upande wa pili wa wavu, kwa sababu mchezaji hatoki mpira ukiwa juu.

Domina alisikia katapila linazunguka nyuma ya kambi. Akaangalia mpira. Ulikuwa palepale. Akaiweka raketi chini, akatembea kutoka nje ya mstari, akaenda kuung'oa msalaba wa mama yake, akaubeba begani. Mawazo yake hayakusikika tena pale kiwanjani. Ya Ditram yaliendelea.

Lupakisyo alikodi kipande cha shamba Mvumi, akalima mahindi na kunde, akafa kwa kifua. Msalaba wa reli uko huko, kwenye kaburi lake, una majina mawili. Filomena alihamia kwa dada yake Kimamba. Lukasi alipata kazi ya barabara. Kampuni ilipanda alizeti mahali pa kambi kwa misimu michache, kisha ikaacha, pakaota nyasi, na wafugaji wanalishia hapo. Ng'ombe wamezoea ile sauti. Ofisa alistaafu. Mwinshehe aliuza televisheni na sasa anachaji simu za madereva. Ditram alihamishiwa shamba kubwa zaidi upande wa Tanga, akapandishwa cheo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Mpira uko juu. Umepauka.

Domina anauza chai Mikumi, mbele ya maegesho ya malori. Madereva wa njia ile wanaijua habari, na wageni wao humuuliza kama alishinda. Huwajibu kwamba mchezo haujaisha, halafu huwauliza kama wanataka ya maziwa au ya rangi.