Studebaker ya Mama Leokadia

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalihusu Studebaker. Hapa South Bend watoto wenzetu walisimuliwa habari za watakatifu. Mimi na kaka yangu Edmund tulisimuliwa jinsi ndugu wahunzi wa jina hilo walivyoanza kuunda mikokoteni ya farasi mwaka 1852, wakawauzia wakulima, wakaliuzia jeshi, hadi mikokoteni ikageuka magari na magari yakaulisha mji. Kazi ya Baba kiwandani ilikuwa kupachika milango, na alipachika milango kwa miaka kumi na saba. Desemba ya 1963, siku chache kabla ya Krismasi, gari la mwisho likatoka na kiwanda kikafungwa. Baba akapata kazi kwingine, lakini aliapa kwamba gari la washindani wa kule Detroit halitalala uani kwake maadamu yu hai. Na halikulala.

Lililolala pale ni Studebaker Champion ya mwaka 1950, ya kijani, yenye pua iliyotokeza katikati ya uso. Vijana walizoea kumuuliza Mama barabarani, "Bibi, hilo linakwenda au linarudi?" Naye hujibu, "Linakwenda kwenu kukuchukulia adabu uliyoisahau."

Gari lenyewe lilikuwa la Mama. Baba alilinunua, Mama akaliendesha, sokoni, kanisani, hospitalini alipokwenda kunizaa. Kuliwasha ilibidi ukanyage klachi mpaka chini kabisa, maana swichi ya stata ilikuwa hukohuko. Hita yake ilikaa chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo wakati wa baridi makalio yalipata joto kabla ya mikono, na Mama alisema huo ndio mpangilio wa watu wenye akili. Kwa miaka arobaini na sita hakuendesha gari lingine hata siku moja. Baba alipofariki, aliendelea kuliendesha, akiwa na miaka sabini, mgongo umenyooka na kofia kichwani.

Sasa nije kwenye ile Jumamosi kabla ya Pasaka, mwaka 1996.

Sisi watu wa asili ya Poland siku hiyo hupeleka kikapu cha chakula kanisani kibarikiwe. Mama alikuwa amekipanga tangu alfajiri: soseji, nyama ya paja, mayai ya rangi, mkate, na mwanakondoo wa siagi mwenye macho ya pilipili manga. Tukatoka nje, tukakuta Edmund ameegesha pikapu yake nyuma ya Champion. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, na kumwamsha Edmund ni kazi ya malaika na tarumbeta.

"Rita, ufunguo wa kaka yako uko wapi?" Mama akauliza.

"Mama, hiyo ni pikapu."

"Ina magurudumu manne na klachi. Nipe."

Nikampa. Iliwaka vizuri, tukaenda vizuri. Kabla ya kanisa barabara hupanda hadi kwenye njia ya reli, na juu pale kuna taa. Tukakuta nyekundu. Mama akasimama mlimani, akageuka kukifunika vizuri kikapu kilichokuwa mapajani mwangu. Pikapu ikaanza kurudi nyuma.

"Mama! Breki!"

Alitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Tukasikia kishindo. Nyuma yetu alikuwa Padri Norbert, amechelewa kama kawaida yake, na taa ya mbele ya gari lake ilikuwa imemwagika barabarani. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mwanakondoo wa siagi, aliyekatika kichwa.

Padri akaja dirishani. "Bi Leokadia, nilikuwa nakuja kukibariki hicho kikapu. Hukuwa na haja ya kunirudia."

Siku nyingine Mama angemjibu mpaka atubu. Siku hiyo aliendelea kuitazama miguu yake. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Gari limerudi," akaniambia kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, Mama. Uliachia breki."

"Nimefanya kama ninavyofanya siku zote, Rita. Sioni nilipokosea."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mimi ni nesi, na maneno hayo nimeyasikia kwa wagonjwa wengi wanaopoteza kumbukumbu. Pia niliyasikia kwa Shangazi Stasia, dada mkubwa wa baba yangu. Yeye alianza kwa kugonga geti lake, akasema hakukosea. Akaishia kumuuliza Mama kila mlo, "Wewe mwanamke ni nani?" Mama ndiye aliyemwogesha na kumlisha miaka sita. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumweleza Mama alichokuwa akikiogopa.

Jumapili ya Pasaka, baada ya chakula, Edmund alikohoa. Alikuwa ameandaa hotuba, nilijua kwa jinsi alivyopanga uma na kisu. Mama hakumngoja. Alitoa funguo za Champion mfukoni mwa aproni akaziweka mezani.

"Chukueni. Stasia tulimnyang'anya funguo zake kwa nguvu, akatulaani. Sitaki nanyi mbaki na kumbukumbu hiyo."

"Mama, hatujasema..." Edmund akaanza.

"Umekohoa, mwanangu. Nakujua."

Ningependelea apigane. Angetupa sahani, angetuita watoto wasio na shukrani, ningelala usingizi. Lakini alikuwa mpole, na Mama yangu hakuumbwa na upole. Nikamwekea miadi kwa daktari wa kumbukumbu, Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku zile za kungoja nilimkuta jikoni na karatasi yenye majina ya wajukuu wake, akiyarudia kwa kunong'ona kama mtoto wa katekisimu. Aliponiona akaikunja. Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda la kuni, tena kilio cha sauti. Na sitaficha: nilijililia na mimi mwenyewe pia, maana nina pua ya Mama na magoti ya Mama, na mwezi uliotangulia nilikuwa nimesahau jina la jirani yangu.

Edmund, yeye, huzuni yake huigeuza kuwa shughuli. Akampata mtu wa Ohio anayekusanya magari ya zamani, ainunue Champion.

"Champion ikaguliwe kwanza," akasema. "Ipeleke kwa Mzee Pasko. Mimi naingia kazini."

Zygmunt Pasko alifanya kazi na Baba kiwandani, upande wa breki, na tangu kifungwe alikuwa akizitengeneza Studebaker zote zilizobaki mjini. Jumatano, siku moja kabla ya daktari, nikaketi kwenye kiti cha Mama kwa mara ya kwanza. Baba hakutuachia kamwe kuliendesha gari lile. Gari la klachi nililijulia kwenye lori la mwajiri wa Edmund, zamani, na somo lake la mlimani nililikariri: vuta hendibreki, na kama hukuivuta, mguu uwe mwepesi kama wa paka.

Kwenye reli taa ikanikamata, mahali palepale. Nikasimama. Kijani ilipowaka nikajiandaa, nikatoa mguu kwenye breki nikautupa kwenye mafuta upesi, nikakosa, nikakanyaga sakafu. Nikafumba macho nikingoja kishindo.

Hakikuja. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa juu ya klachi, wa kulia haupo juu ya chochote, na gari limetulia mlimani. Nilipoachia klachi na kutia mafuta, likaondoka taratibu bila kurudi hata inchi moja. Nikasema moyoni, haya, sasa na breki zimekamata. Kila kitu nyumbani kwetu kinaharibika kwa pamoja.

Mzee Pasko alikuwa amekaa mlangoni pa gereji yake na kikombe cha kahawa.

"Breki zinang'ang'ania, mzee," nikamwambia.

"Zinang'ang'ania wapi?"

"Pale mlimani kwenye reli. Nimeondoa mguu, gari halikurudi nyuma."

"Halikurudi nyuma." Akaiweka kahawa chini. "Hebu rudia. Umekuja kunishtakia gari kwamba *halikurudi* nyuma?"

"Nakueleza lilivyofanya."

Alicheka mpaka akalazimika kuyashika meno yake ya bandia. "Binti wa Kazimierz! Binti wa mpachika milango! Angekusikia baba yako angekufa tena. Humo ndani kuna kifaa, binti. Kigololi kidogo kwenye njia ya breki. Ukisimama mlimani, klachi ukiwa umeikanyaga, kigololi kinaziba. Ondoa mguu kwenye breki, uimbe, uvae glavu, gari linakungoja tu. Ukiachia klachi, linaachia. Baba yako aliagiza kiwekwe makusudi, kwa ajili ya mama yako. Nilikifunga mimi mwenyewe kwa mikono hii."

Nilimsogelea. "Na magari mengine?"

"Mengine gani?"

"Kwa mfano pikapu ya Edmund."

Akakunja uso, kama vile nimetaja tusi. "Hiyo? Itarudi mpaka mtoni. Ndiyo maana Mungu akawaumbia hendibreki."

"Mama anajua habari ya hicho kigololi?"

"Ajue cha nini? Yeye anaendesha. Wewe unajua ini lako liko upande gani?"

"Mimi ni nesi, mzee."

"Basi nimekosea mfano. Lakini sisi wenyewe tulikuwa hatukitaji. Kwetu hilo lilikuwa gari, basi. Gari ndivyo linavyofanya."

Nikakaa juu ya tairi lililolala pale. Mama alisimama mlimani. Mama alishika klachi. Mama akaondoa mguu kwenye breki, akageukia kikapu, kama alivyofanya siku zote, miaka arobaini na sita, na gari lake likamngoja kila mara. Hakuna kilichopotea kichwani mwake. Nikaanza kulia na kucheka, na Mzee Pasko, ambaye hakujua lolote kuhusu daktari wala Padri, akanipa kitambaa chenye grisi.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Edmund alikuwa ameshatoka kazini, anakula supu. Mama alisimama kwenye sinki.

"Mama, kaa chini," nikamwambia.

Alikaa haraka mno, kama mtu anayekuja kusomewa hukumu. Nikamweleza yote, kigololi, klachi, mlima. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikatumia kijiko na bakuli la Edmund kuonyesha. Mama alinitazama usoni muda wote bila kupepesa.

"Kwa hiyo magari mengine yanarudi," akasema polepole.

"Yote, Mama. Karibu yote."

"Edmund, lako linarudi?"

"Linarudi, Mama." Edmund alikuwa ameshika kijiko hewani. "Yesu na Maria. Kila mtu anajua linarudi."

"Kila mtu!" Mama akapiga meza, supu ikaruka. "Kila mtu isipokuwa mimi! Kazimierz alinieleza habari za rangi, alinieleza habari za vioo, alinieleza kila skrubu ya kila mlango usiku na mchana mpaka nikasali rozari ili asinyamaze tu bali alale! Hili moja hakunieleza!"

Ilikuwa sauti yake. Siku kumi na moja sikuwa nimeisikia. Kisha akanigeukia, na hasira yote ikamtoka ghafla.

"Basi mguu wangu haukusahau."

"Haukusahau chochote, Mama."

"Mimi si Stasia."

"Wewe si Stasia."

Akajifunika uso kwa aproni akalia, mabega yakimtikisika, na mimi na Edmund tukamkumbatia kutoka pande zote mbili, tukiwa tumelowa supu. Alisema kutoka ndani ya aproni kwamba alikuwa amekwisha kumwomba Mungu amchukue mapema, kabla hajaniuliza mimi ni nani.

Edmund, kwa kuwa ni Edmund, akasema huku akijifuta macho, "Hata hivyo kesho twende tu, Mama. Tuwe na uhakika."

"Wewe ulipogonga mwaloni wa jirani ukiwa na miaka ishirini, nilikupeleka kwa daktari wa kichwa? Leta huo ufunguo wa pikapu."

Tulikwenda wote watatu hadi kwenye reli. Edmund alimwonyesha hendibreki mara moja. Mama alisimama mlimani na kuondoka mara nne mfululizo, na mara ya nne hakuitumia kabisa, alitumia mguu, mwepesi kama wa paka.

Tuliporudi nikainua simu kufuta miadi. Binti wa mapokezi aliniuliza sababu. Nikafungua mdomo nijibu, machozi yakaja upya. Mama akanipokonya.

"Halo? Ndiyo, mgonjwa mwenyewe. Mwambie daktari nafasi yangu ampe mwenye shida. Mimi nilikuwa naumwa Studebaker." Akasikiliza kidogo. "Ah! Babu yako naye alikuwa kiwandani? Idara gani?"

Akavuta kiti, akakaa.