Fundo Lolote ni Mali ya Mfalme

Haya ni mambo ya ndege. Mwenye bawa na ajipapase.

Katika Dola ya Mgungani alitawala Mfalme Mbuni, ndege mrefu asiyeruka, ambaye tangu azaliwe hakupata kufunga hata fundo moja la unyasi. Mkewe alitaga chini, mchangani, kama aliyedondosha kitu njiani. Basi kila mwenye kiota alimtia wivu Mfalme, na wivu wa mfalme haukai moyoni tu; huandikwa ukawa sheria.

"Jina langu nani?" aliwauliza madiwani.

"Mbuni, Mtukufu."

"Basi nani aliyebuni viota?"

Madiwani wakainamisha midomo. Likapita kuwa sheria: kila kiota ni ubunifu wa Mfalme.

Kwera, fundi wa kusuka viota, alikuwa na wivu wake mdogo, wa ujirani. Mnana, aliyejifunza naye ufundi, tena mwenye mdomo mzito kuliko wake, alikuwa ameajiriwa ikulu. Kila jioni alipita na utepe mwekundu shingoni, na utepe ukipita, Kwera hukosa hamu ya panzi.

"Nenda nawe ukaajiriwe," mkewe alimwambia, "tupumzike na huko kusaga meno."

"Ndege hana meno."

"Ndiyo maana nashangaa nayasikia."

Akaenda. Karani Kasuku akamkunjulia jani la mkataba. "Soma, kisha tia ukucha hapa."

Kwera akasoma. Mwajiriwa hatamsukia mwingine yeyote, wala nafsi yake, awapo kazini na misimu saba baada ya kutoka. Hatasema alichokiona. Fundo lolote lililomo ndani yake ni mali ya Mfalme, naye atalikabidhi litakapodaiwa.

"Wala nafsi yake? Nitalala wapi?"

"Mnana hakuuliza hayo," Kasuku alisema.

Jina hilo likamchoma Kwera penye kidonda. Akainua ukucha. Hapo ndipo alipoingia Mnana mwenyewe, amelowa chapa, utepe umechuja rangi hadi kifuani.

"Mvua ya jana hiyo, ndugu yangu?" Kwera akamuuliza.

"Sina kiota. Siruhusiwi kusuka changu. Mke amerudi kwao."

Kasuku akakohoa. "Kifungu cha pili."

"Nimesema nilichokosa, sikusema nilichoona." Mnana akautazama ukucha wa mwenzake ulioning'inia hewani. "Nakuonea wivu, Kwera. Unadhani napita kwako jioni kuringa? Napita nikitazame kile kiota chako kilichopinda."

"Hakijapinda," Kwera alisema, lakini ukucha aliushusha.

Sauti ikatoka juu. Mfalme alikuwa kwenye kiti chake cha enzi, kilichosukwa na Mnana na wenzake, kikaning'inizwa juu ya baraza ili naye aonekane yumo angani.

"Huyu mbona hatii ukucha?"

"Nina swali moja, Mtukufu. Imeandikwa fundo lolote?"

"Lolote."

"Hata la moyoni?"

Mfalme akamgeukia Kasuku, na Kasuku, ambaye kazi yake ni kurudia, akarudia: "Lolote ni lolote."

"Basi mimi sikufai. Nilikuwa nalo moja, la Mnana, na limefunguka sasa hivi. Nitaingia kazini mdomo mtupu. Lakini hawa mafundi wako, wa siku nyingi, nadhani wanayo mengi ambayo hawajakukabidhi."

Mafundi walioketi tawini wakatazamana. Mfalme akavimba shingo. Kama kuna jambo asiloliweza, ni mtu kuwa na kitu ambacho yeye hana.

"Mmenificha mafundo yangu? Nayataka yote. Hapa hapa."

Amri ni amri. Mnana akaruka, akatua penye kamba za kile kiti, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, kwa adabu zote.

"Hili la mvua," Mnana alisema, akachomoa fundo la kwanza. "Hili la mke wangu."

"Hili la mamangu, niliyemzika bila ruhusa," akasema mwingine, akachomoa.

Kiti kikainama upande.

Mfalme Mbuni akatazama juu, akatazama chini, kisha, kwa mara ya kwanza tangu atawazwe, akayatazama mabawa yake.