Mteremko Usiokauka

Mvua ilikuwa imekatika zaidi ya wiki. Jua liliwaka hata dagaa walioanikwa asubuhi wakawa wakavu kufikia adhuhuri, lakini mlima ulio juu ya kitongoji haukukauka.

Catherine aliliona hilo kwenye kompyuta, ofisini kwake Kigoma mjini. Mwaka uliotangulia, yeye na wenzake walisimika mlingoti wenye antena juu ya kitongoji alikozaliwa, mbele kidogo ya Mwamgongo, mahali milima inaposhuka wima hadi ziwani. Antena ile ilipokea mawimbi ya setilaiti zilezile zinazoonyesha njia kwenye simu za watu. Mengine yaliifikia moja kwa moja kutoka angani. Mengine yaligonga ardhi kwanza, ndipo yakairukia. Udongo mkavu huyarudisha kwa namna yake, uliolowa kwa namna nyingine, na kwa tofauti hiyo mtu aliyekaa mjini aliweza kujua mlima umekunywa maji kiasi gani.

Mlima ulikuwa umeshiba kupita kiasi. Tena ulizidi kulowa juani, kana kwamba maji yalikuwa yakipanda kutoka chini. Kilichomtisha zaidi ni jambo la pili: antena yenyewe ilikuwa inasogea kuelekea ziwani.

"Mbuzi wamejikuna hapo, mlingoti umeinama," alisema mkuu wake, Meshack. "Nenda ukaunyooshe."

Alipanda boti kwenye mwalo wa Kibirizi, na njia nzima aliomba aukute umeinama. Aliukuta wima kama alivyouacha. Juu yake, katika shamba la mihogo, ardhi ilikuwa imefanya ufa wa kumeza mkono mzima. Alichutama, akatega sikio. Maji yalikuwa yanatembea ndani.

Akashuka mbio hadi kwa mama yake mdogo, Regina, aliyemlea tangu utotoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Umekuja siku njema. Njoo uone Mungu alivyotukumbuka."

Nyuma ya jiko la Regina palikuwa pamechipuka chemchemi. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo, wanacheka; wamepumzika na safari za kuchota ziwani.

"Jana yalikuwa maangavu," Regina alisema. "Leo yamechafuka kidogo. Yatatulia."

Maji yalikuwa mekundu kama tope la kufyatulia matofali.

"Mama, huo ni mlima unaotoka kidogo kidogo," Catherine alisema. Kicheko cha Regina kikakatika.

Mwenyekiti wa kitongoji, Thobias, alikwenda kuuona ule ufa, akarudi akiwahimiza watu wahame. Jioni hiyo watu walivuka kijito kilichopakana na kitongoji, na mikeka yao na kuku wao, wakahamia shule ya msingi ng'ambo. Kesho yake hakikutokea kitu. Kesho kutwa yake jua likawaka zaidi, na manung'uniko yakaanza.

"Binti, setilaiti yako imeona mvua gani katika mbingu hii?" aliuliza Gasper, mvuvi aliyeacha dagaa wake mchangani. Watu wakacheka.

Catherine aliona haya. Hata yeye alianza kujitilia shaka. Akatazama simu, ambako taarifa za antena zilimfikia. "Baba, mlima unakwenda mbio kuliko jana. Nakuomba."

"Dagaa wangu wakioza, utawalisha wanangu wewe?"

Gasper akavuka kijito. Wanawake kadhaa wakamfuata na ndoo zao. Catherine alitaka kuwakimbilia, lakini Regina akamshika kiuno kwa mikono miwili. "Umeshasema, mwanangu. Huko huendi."

Haukupita muda, sauti ikatoka ng'ambo: "Chemchemi imekauka!"

Catherine alielewa. Maji yale hayakuwa yameisha. Njia yake ndiyo iliyobanwa na mlima unaoshuka. "Kimbieni!" alipiga ukelele. "Acheni ndoo! Kimbieni!"

Wanawake walikimbia. Gasper alikuwa chini kabisa ufukweni, akikusanya dagaa kwenye turubai. Aliinua kichwa kutazama nani anapiga kelele. Nyuma yake migomba ilikuwa inashuka ikiwa imesimama, mstari mzima, bila kishindo. Kishindo kilikuja baadaye, na vumbi, na wimbi lililopindua mitumbwi iliyofungwa.

Vumbi lilipotua, nyumba ya Regina haikuwepo, wala jiko, wala ufukwe. Wanawake wote walikuwa wamevuka. Mke wa Gasper alisimama ukingoni mwa kijito akiita jina la mumewe, na ziwa lilikuwa jekundu mpaka mbali.

Thobias alimjia Catherine. Hakumshukuru. Alitazama mlima uliosimama juu ya paa la shule.

"Na huu je? Unasemaje?"

Catherine aliinua uso. Huko hawakuwahi kusimika antena.

"Sijui, mwenyekiti."

Thobias akageuka, akawaambia watu wasitandike mikeka.