Mapumziko ya Masalio

Masalio, farasi yetu, alishinda course tatu za mbio na muguu yake ya mbele inachechemea. Bazee ba Butembo banajua. Ninaanza na hiyo juu batoto ba leo banajua tu namna alikufa.

Alitoka Kipese, ku ferme moja, shamba ya mifugo, kule juu kwenye baridi. Siku moja baasi, bale benye panga, baliingia. Ngombe, bakachinja. Farasi bote, bakachinja. Yeye alikuwa amekonda, mbavu zote inje, bakamukata sikio moja na kumwacha. "Hii hata imbwa haitashiba," njo baliyosema. Mume yangu alikuwa muchungaji pale. Aliteremuka naye kwa miguu mpaka kwetu Mususa, hapa Butembo, farasi mbele na damu inakauka ku shingo, mume yangu nyuma. Tukamuita Masalio.

Mume yangu alipokufa, mujukuu yangu Elsa, mwenye kuniita Koko, njo akamushika. Alimulisha majani na maganda ya ndizi, akajifunza kumupanda bila kiti. Na Aruna, yule mwenye camions, malori makubwa, kule Beni, akaleta farasi yake kubwa nyeusi kutoka Uganda, jina yake Komanda, akasema nani atamushinda.

Watu bakacheka sana kuona Masalio ku mustari ya course kule Beni.

"Eh Koko, hii mbuzi munapeleka wapi?"

"Muifunge kamba, upepo itaibeba!"

Course ilianza, na mwanaume wa Aruna, yule alipanda Komanda, akamupiga Elsa fimbo ku uso. Akamupiga tena. Elsa akakamata ile fimbo, akavuta, mwanaume akaanguka chini, na Komanda akamukanyaga mukono. Tulisikia mufupa. Elsa alifika wa kwanza na damu mu meno, anacheka. Aruna mwenyewe akakuja kumugusa Masalio ku paji, akaniambia: "Mama, leo umenipiga mbele ya Beni muzima."

Kutoka siku ile bamotari, benye kubeba batu ku pikipiki, bakaanza kuomba nyuzi za mukia wake. Moja alifunga yake ku guidon, usukani ya pikipiki, akateleza mu matope mpaka chini ya camion, akatoka anapanguza suruali. Basi ikakuwa imani. Elsa alipatia bamoja bamoja, kiisha akakataa.

"Lakini nzi, atazifukuza na nini?" Hata hivyo nyuzi zikaanza kuuzishwa ku barabara, zimeshonwa mu kitambaa nyekundu.

Kiisha course ya tatu, goti ya Masalio ikavimba na haikurudia tena. Tukasema imetosha. Elsa aliapa mbele yangu: hakuna tena mutu ku mugongo yake, hakuna tena fimbo. Akule, alale mu parcelle, ku kiwanja yetu, akufe siku yake mwenyewe. Hiyo tu njo Elsa alikuwa anatafuta hapa duniani.

Sasa Mumbere. Alikuwa motari, kijana ya adabu. Alipeleka mutu kule Mbau, upande wa Beni, na benye panga bakamukuta ku barabara. Alirudi Butembo maiti, ndani ya bâche, turubai ya kufunika muzigo. Ku mukono yake, pale mukono ilibakia, kulikuwa kitambaa nyekundu imeshonwa, na ndani yake, banasema, nyuzi za Masalio.

Bamotari bakamuzika na pembe za moto, pikipiki zabo, zinalia. Kutoka ku makaburi hawakuenda kwabo. Balikuja kwetu. Nilisikia mulio kwanza, kiisha moshi, kiisha mawe juu ya mabati. Mbele alikuwa Kasereka, kaka mukubwa wa Mumbere, na panga. Nyuma yake Malachie, motari mwenzabo, anapiga kelele kupita bote, amebeba pneu, tairi ya gari, ku bega.

"Koko, toka ku mulango," Kasereka alisema. "Na wewe hatuna maneno."

"Muko na maneno na nani basi? Na farasi?"

"Na mulozi! Ku ferme bote balikufa, yeye akabakia. Mumbere amekufa, yeye anakula majani. Anakula batu!"

"Mulozi ya miguu ine," nikasema. "Tangu nizaliwe njo ninasikia."

Bamoja bakacheka. Kasereka hakucheka. Jiwe ikapita juu ya kichwa yangu na kumupata Masalio mu jicho. Alilia kama mutu. Elsa akaruka ndani ya kizizi, akamushika shingo.

"Mutuchome sisi bawili!"

"Tutawachoma!" Malachie akapiga kelele. "Leteni petroli!"

Mimi nikanyoosha mukono kwa Kasereka. "Mwanangu, ile kitambaa ya mudogo yako, uko nayo?"

Alikuwa nayo mu mufuko, na damu imekauka juu yake. Kwa bamotari, ukifungua kitambaa kama hiyo bahati inatoka, njo maana hakuna mutu alishaifungua hata siku moja. Mimi nikakata uzi na meno. Nikazimwaga ndani ya kiganja yake.

Zilikuwa nyuzi nyeusi, fupi, zinanuka mbuzi.

Masalio mukia yake ilikuwa nyeupe, ndefu mpaka chini. Bote baligeuka kuiangalia. Kiisha mutu nyuma akatoa kitambaa yake, akapasua. Nyeusi. Mwingine akapasua. Nyeusi.

"Nani aliuzisha hizi?" Kasereka akauliza, lakini alikuwa ameshaanza kumuangalia Malachie, yule aliyekuwa anaziuzisha ku kituo yabo.

Malachie akaachilia pneu, akakimbia. Bakamupata ku ukuta. Mateke, mawe, mukono yake ikageuka nyuma namna mukono haigeukake. Bakamuvalisha ile pneu yake mwenyewe, bamuchome. Nikapiga kelele, nikavuta mashati, bakanisukuma mu matope. Akateleza toka ndani ya pneu juu ya damu, akatambaa, akaingia mu kizizi, chini ya tumbo ya Masalio.

Elsa akafunga mulango.

Kasereka alikuwa anahema. "Elsa, mutoe. Farasi yako hana kosa, nimeona. Mutoe tu huyu, na hakuna mutu atamugusa Masalio tena. Naapa ku jina ya Mumbere."

Elsa akamuangalia Masalio, jicho moja imefungwa na damu. Akamuangalia Malachie, analia bila sauti.

"Kaka Kasereka, hapana."

"Huyu mwizi? Juu ya huyu?"

"Hapana mutu anachomwa hapa kwetu."

Bakavunja mbao. Masalio, kipofu upande moja, alipiga mateke, akavunja mutu mubavu, akavunja ingine mbao. Ile goti ikamwangusha. Kasereka alipiga panga ku shingo, na tena, na tena, analia jina ya mudogo yake. Damu ikafunika bote, Elsa, Malachie, yeye mwenyewe. Kiisha alisimama, akaangalia panga kama imetoka mu mukono ya mutu mwingine. Baliwasha mamoto, pikipiki zabo, moja moja, bakaenda.

Bajirani bakakuja na mabassin, mabeseni matupu. Nyama nyingi vile. Elsa alichukua fimbo ya mbao na kusimama mbele ya Masalio mpaka bakarudi na mabassin yabo.

Tukachimba kaburi yake. Malachie alichimba na mukono yake moja, uso yake imevimba, hakuna mutu alimwambia aende. Shimo ilipofika ku kiuno yake akapumuzika kidogo.

"Elsa, bado tu?"

"Chimba," Elsa akasema. "Mpaka imbwa hazitafika."