Folda Iliyoitwa Takataka

Kila Jumamosi mchana, chumba cha kushonea cha fundi cherehani mstaafu kiligeuka chombo cha angani. Wazee wenzake wawili walikuja. Mmoja alikuwa mpima ardhi zamani, shingo yake haigeuki mpaka mabega yaende nayo. Huyo walimwita Roboti. Mwingine alikuwa dereva wa lori, daima anafika amechelewa na bado anatweta. Huyo ni Kimondo. Tangu ujana wao walikuwa wamekolewa na hadithi za anga. Walibishana kwa dhati kama viumbe wa sayari nyingine hupiga chafya na, kama hupiga, waambiwe nini. Baada ya hapo waliwasha kompyuta kuukuu yenye kioo kinene na kuendelea na mchezo wao wa kuteka nyota, mchezo mmoja ule ule waliouanza kabla wajukuu wa fundi hawajazaliwa. Kila nyota waliyoiteka waliipa jina. Moja iliitwa Kikohozi cha Roboti. Nyingine, ndogo na ya mbali, ilikuwa na jina la mke wa fundi, naye alikwisha kufariki.

Mume wa binti yake alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya bima. Mzee, baba mkwe wake, alimwita siku moja.

"Mwanangu, hebu nitazamie hii mashine. Inajikokota. Nikibonyeza, nashona kifungo kizima kabla haijajibu."

Kule ofisini kijana huyu alijulikana kwa usemi mmoja: nakala kwanza, kugusa baadaye. Waliopoteza kazi zao kwa kutotoa nakala aliwasema mpaka wakainamisha vichwa. Lakini siku ile mkono wa kushoto ulikuwa na simu, mpira unaendelea, na mashine yenyewe ni ya wazee wanaocheza. Hakutoa nakala. Alikagua diski, akaona imejaa pomoni na mafaili yamekaa shaghalabaghala. Akaanza kufuta. Akakuta folda kubwa imeandikwa TAKATAKA. Hakuifungua hata kuchungulia. Aliifuta moja kwa moja, kisha akaiamuru mashine ipange upya mafaili yaliyobaki, na pale ilipokuwa folda pakajazwa vitu vingine.

Mashine ikawa nyepesi. Mzee akaja na tabasamu, akafungua mchezo. Kioo kikamuuliza kama anataka kuanza mchezo mpya. Akafunga, akafungua tena. Swali ni lile lile.

"Mwanangu, nyota zetu ziko wapi?"

Kijana aliinamia kioo, akafungua hiki na kile, akaelewa kwamba mchezo ulikuwa ndani ya ile folda aliyoifuta. Mdomo ukawahi kabla ya akili.

"Baba, diski imezeeka. Sehemu hiyo ilikuwa imeshakufa. Nimejaribu kuiokoa, imeshindikana."

Mzee alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Basi. Umefanya ulichoweza."

Jumamosi iliyofuata wazee waliizika galaksi yao, na mkwe akaalikwa. Kimondo alisoma risala iliyomsifu marehemu kwa kuwa hakuwahi kukopa kitu kwa mtu. Wakacheka, wakajifuta macho. Ndipo Roboti akaguna.

"Mimi bado sielewi. Mashine ife kipande siku ile ile inayoguswa? Hapo mtu kakosea."

Mzee fundi, mpole siku zote, alisimama. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. "Huyu ni mwanangu! Kama kungekuwa na cha kuokoa, angekiokoa. Muombe radhi."

Roboti aligeuka, mabega na shingo kwa pamoja, akanyoosha mkono. "Nisamehe, kijana. Uzee umenifanya nishuku watu."

Kijana akaupokea ule mkono. Kisha mzee akatoa beji ya kitambaa aliyoshona mwenyewe, maneno DAKTARI WA DISKI kwa uzi wa dhahabu, akambandika kifuani. Wakampigia makofi.

Nyumbani kijana alimweleza mkewe yote, macho sakafuni. Mke aliishika ile beji, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ameshona kwa mkono," alisema. "Baba siku hizi hata kutunga uzi hawezi bila kuomba msaada." Akaiweka mezani. "Utamwambia lini?"

Alimwambia kesho yake asubuhi, amesimama mlangoni mwa chumba cha kushonea. Mzee hakuinua kichwa kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiifumua.

"Uliifuta."

"Ndiyo, Baba. Iliandikwa takataka."

Mara tu neno hilo lilipomtoka alitamani alirudishe.

"Niliandika hivyo wajukuu wasiiguse," mzee alisema. "Sikujua kuna mtu mzima wa kumficha pia." Akafumua mshono mwingine. "Nimemdhalilisha rafiki yangu kwa ajili yako. Nenda kwake. Usinitume mimi nikusemee."

Roboti alimsikiliza pale pale kizingitini, bila kumkaribisha ndani.

"Nilikuomba radhi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nawe ukaipokea."

"Niliipokea."

"Kufuta ni bahati mbaya, hata mimi nimewahi kupima kiwanja cha mtu nikamgawia jirani. Lakini mkono wangu uliushika ukiwa na akili zako timamu." Alimtazama mpaka kijana akahisi masikio yanawaka. "Jumamosi uje. Tunaanza upya, na chombo hakina mtu wa kuosha vyoo."

Alikwenda. Kimondo alimpigia saluti ya ufagio, Roboti akamtangaza Mwosha Vyoo Mkuu wa Anga, na kijana akacheka pamoja nao kwa sababu hakuwa na la kufanya. Mzee hakucheka. Alikuwa akitafuta nyota ya kwanza ya kuteka, pua karibu iguse kioo. Kijana alikaa nyuma kabisa, mikono katikati ya magoti. Muda mrefu ukapita.

"Sogea," mzee alisema hatimaye, bila kugeuka. "Hapo ulipo huoni kitu."

Akasogea, kidogo tu.