Njia Isiyopita Mizani

Kompyuta ya kikundi ilikuwa inachelewa kunakili, na basi halisubiri. Abiria anashuka Nyakanazi, ananunua hindi la kuchoma, ananipa flashi nimwekee filamu na kwaya. Sijafika hata katikati, kondakta anapiga ubavu wa basi kwa kiganja. Abiria anainyofoa flashi na kukimbia nayo, na hela yake anakimbia nayo pia.

Chumba si changu. Ni cha kikundi chetu cha kufa na kuzikana, na kompyuta ni ya kikundi, ilinunuliwa kwa ajili ya picha za misiba na ratiba za mazishi. Mimi nilipewa niiendeshe siku ambazo hakuna aliyekufa. Jovina, mweka hazina wetu, alikitaka chumba auzie chakula cha kuku. Mwenyekiti, mzee Bonaventura, akaniambia mbele ya wanachama wote: "Projestus, mabasi yakiendelea kukukimbia mpaka mwisho wa mwezi, kuku wanaingia."

Nikaibeba mashine mapajani mpaka Biharamulo, kwa Wiston anayeuza vifaa vya kompyuta. Akaifungua.

"Diski yako inazunguka kama jiwe la kusagia," akasema, "halafu mzigo wote inaupitisha kwenye huu waya wa SATA. Chagua. Ununue diski mpya isiyozunguka, ikae kwenye waya uleule. Au uchukue hiki kibao cha NVMe, kinachomekwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, hakina waya kabisa."

"Tofauti yake?"

"Wewe si mtu wa Nyakanazi? Waya ni barabara yenye mizani. Kibao ni njia isiyopita mizani."

Sikuhitaji maelezo mengine; kwetu malori hulala foleni yakisubiri kupimwa. Lakini kikundi chetu hakinunui hata sufuria bila kupanga foleni: kila upande unasimamiwa na mtu, na wanachama wanasimama nyuma ya yule wanayemkubali. Jovina akasimama na waya mkononi, kwa kuwa njia ya waya ilikuwa ya bei rahisi. Mimi nikasimama na kibao, ambacho Wiston alikuwa ameniamini nikaondoka nacho bila kulipa.

"Kadogo hivyo?" akauliza Consolatha. "Filamu zote zitaingia humo?"

"Zitaingia."

"Na hakana waya. Zitapita wapi?"

Mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya Rusumo akamjibu: "Mama, kitu kisichopita mizani huwa hakiulizwi kinapita wapi."

Watu wakacheka na kuja nyuma yangu. Jovina akabaki na mumewe tu, na mumewe naye akahama taratibu akijifanya anatafuta kivuli.

Siku ya kukifunga, mzee Bonaventura alikuja kukipokea kibao kwa niaba ya kikundi. Nilikuwa nimeshafungua mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na huyu wa zamani?" Alikuwa anaonyesha diski.

"Anabaki kwanza. Nahamisha vitu vyote vilivyomo viende kwenye kipya, ndipo namtoa."

"Ndani yake kuna nini?"

"Mfumo wa kompyuta, filamu, na picha za misiba yetu yote."

"Marehemu wetu wote wamo?"

"Wamo."

Akavua kofia. "Na wewe unataka kuhamisha mali yake hajazikwa?"

"Mzee, hii ni diski."

"Nimekuuliza swali. Kwetu mali inagawanywa kabla ya mazishi au baada ya kuanua matanga?"

"Baada ya kuanua matanga."

"Basi umejijibu."

"Tena bila kulazimishwa," akasema Jovina kutoka mlangoni.

Nikamweleza mzee kwamba tukishaifukia diski hakutakuwa na cha kurithi. Akasema urithi ni kile marehemu alichoacha juu ya ardhi. Nikaangalia juu ya ardhi. Marehemu alikuwa ameacha waya mmoja na skrubu nne, na kibao kipya hakikuhitaji hata kimoja.

Ningekataa, lakini asiyekuja kwenye mazishi ya kikundi hazikwi na kikundi, na mimi nina mama mzee. Nilikwenda. Tena nilibeba jembe.

Mkatekista alikataa kuja. Alisema anazika waliobatizwa. Mzee Bonaventura akaivisha diski shuka lake jipya, la maua. Odeta, mjane wa Fideli, ambaye picha za mazishi yake zilikuwa humo ndani, akalizungushia mfuko wa nailoni kwa sababu mvua ilikuwa inatishia. Kaburi lilichimbwa kando ya migomba, dogo kama la paka. Maharage yalipikwa, madumu mawili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, yakaletwa, kikombe cha kwanza kikamwagwa shimoni. Mimi nilikuwa nasubiri watu waanze kucheka. Hakuna aliyecheka. Tulipofukia, Odeta akalia kwa sauti: "Fideli, wanakuzika mara ya pili!" Wanawake wakalia naye, na mimi nikajikuta nimevua kofia.

Matanga yalipoanuliwa, kikundi kizima kikaja chumbani. Basi lilikuwa limesimama nje, na Habonimana, kondakta wake, akaingia mwenyewe na flashi yake. Nikakifunga kibao, nikawasha. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema hakuna chochote cha kuanzia.

"Inasemaje?" akauliza mwenyekiti.

"Inasema haina kitu."

"Lakini ina kasi?"

"Ina kasi sana, mzee. Imekosa cha kukimbia nacho."

Habonimana akapiga makofi. "Nyakanazi oyee! Mmenunua lori jipya, mzigo mmeuzika!" Akaenda zake.

Odeta hakucheka. Alisema anataka picha ya Fideli, ile ya siku ya mazishi, aliyokuwa anaahirisha kuichapisha. "Mlinipigia picha, mkaniambia imo humo. Naitaka leo." Mzee Bonaventura akasema tufukue.

Kufukua nako kukawa na mwenyewe. Ndikuriyo, mwenyekiti wa kitongoji, alisema kaburi halifunguliwi hivihivi, hata kama waliolala humo wana skrubu. Akataka mbuzi wa kuomba radhi. Nikatoa wangu, jike, mwenye mimba.

Mfuko wa Odeta ulikuwa umezuia maji. Nikaianika diski juani, nikaichomeka kwenye waya, ikakwaruza kidogo, kisha ikazunguka. Kunakili kulimaliza mchana mzima, kwa waya uleule niliotaka kuukimbia. Odeta alikaa kwenye benchi mpaka nilipompa picha yake mkononi.

Kesho yake, siku ya mwisho ya mwezi, Habonimana alirudi. Kompyuta iliwaka kabla sijakaa. Nikachomeka flashi yake, nikaanza kunakili, na mstari wa kijani ukatambaa polepole vilevile kama zamani. Nikampigia simu Wiston.

"Unachomeka flashi kwenye tundu gani?"

"La mbele. Ya mbele tu ndiyo yapo."

"Hayo ni ya kizamani, kaka. Hapo ndipo mzigo unapokwama. Ungeniambia watu wako wanabeba kwa flashi!"

Ubavu wa basi ukapigwa. Habonimana akainyofoa flashi yake, akanipa pole, akakimbia. Jovina alikuwa amesimama nje na gunia la pumba za kuku begani.

Gharama ni hizi. Mbuzi mmoja jike, na aliyekuwa tumboni. Madumu mawili ya rubisi. Maharage ya siku zote za matanga. Shuka moja la mzee Bonaventura, ambalo halikutakata. Kibao cha Wiston, ambacho nimekilipa chote. Na chumba.